Nilikaa Ulaya wiki kumi, nikarudi Sumbawanga kusawazisha matuta ya mama

Wakuu, salaam. Humu kila mjinga anayesimuliwa huwa ni "rafiki yangu" au "jirani yangu". Mjinga wa leo ni mimi mwenyewe, na sitapunguza wala kuongeza chumvi.

Mwaka juzi nilipata nafasi ya summer school Ulaya, kozi ya afya ya udongo. Wiki kumi.

Kuna watu wanalazwa wodini muda huo huo na hawatoki wakijiita madaktari.

Nikarudi mwanzoni mwa Septemba. Basi la kutoka Mbeya nimepanda na jaketi zito la baridi, wakati huko Ulaya kulikuwa kiangazi na sikulivaa hata siku moja.

Siti ya pembeni alikaa mama mmoja wa Mwimbi, muuza maharage. Kuanzia Tunduma mpaka Laela nilimfundisha kilimo. Hakuniomba.

Nikamwambia ntumba zimepitwa na wakati.

Kwa msioijua Ufipa, ntumba ni matuta ya mviringo. Unafukia majani chini ya udongo, juu unapanda maharage, majani yanaoza taratibu. Mvua za msimu unaofuata zikianza ndipo unayasambaza, unapanda ulezi. Mbolea yenyewe ni hiyo.

Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa baba. Na huko ulikosoma, mwezi wa tisa upepo mnaufungia wapi?"

Nikacheka. Nikamjibu huko hakuna upepo wa namna hiyo.

"Basi hayo ni ya huko," akasema, akajifunika kitenge akalala.

Nikafika nyumbani Kizwite. Mama hayupo, kashuka Kaoze kumuuguza dada yake. Shambani ntumba zake zimejipanga, zinasubiri mvua. Shamba lile lilitengwa kwa ulezi wa pombe ya harusi ya mdogo wangu Sabina.

Sabina akaniambia, "Kaka, msubiri mama."

Mtaalamu asubiri? Nilimpigia mshikaji wangu mwenye pawatila, mpaka mchana shamba lilikuwa tambarare kama yale niliyoyaona kwenye slaidi. Nikapiga selfie, nikairusha kwenye group la wenzangu wa kozi. Madole gumba yakamiminika, kutoka kwa watu ambao Rukwa hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

Siku ya tatu upepo ukaja.

Wa Ufipa mnaujua. Ule udongo mweusi ulioiva tangu Februari ulinyanyuka ukahamia kwa jirani. Alikuwa anapangusa mbolea ya mama yangu kwenye sahani zake.

Mama aliporudi alisimama mwanzo wa shamba, akatazama. Nikamwamkia. Sikupigiwa kelele.

"Marahaba. Pole na safari, mtaalamu. Karibu chakula."

Kwa Kiswahili.

Wakuu, sisi nyumbani tunaongea Kifipa. Kiswahili ni cha ofisini na cha wageni. Mama yangu alikuwa hajawahi kunisemesha Kiswahili tangu ananinyonyesha. Nikamwomba radhi kwa Kifipa, akanijibu kwa Kiswahili fasaha kwamba hakuna shida.

Ikawa hivyo miezi mitano. "Karibu uji." "Maji ya kuoga tayari." Nilikuwa mgeni kwenye nyumba niliyozaliwa, na iliniuma kuliko kiboko.

Ulezi uliota mwembamba, unaona aibu hata kuupalilia. Harusi ikasogezwa mwaka mzima.

Februari mama akaenda kipande kingine kupiga ntumba mpya. Nikamfuata na jembe bila kuitwa. Siku ya kwanza hakunisemesha kabisa.

Siku ya pili nikafukia majani vibaya, yakatokeza nje. Akaja, akalitazama tuta langu, akanitukana.

Kwa Kifipa.

Tusi lenyewe siliandiki, mods watanifungia. Niliinama nikaendelea kulima ili asione machozi.

Nililojifunza: ukirudi kwenu, sikiliza kwanza kabla hujafungua mdomo, na pawatila ya mshikaji iache ilipo. Ugeni wangu haukuletwa na wiki kumi za Ulaya, niliutengeneza mwenyewe kwa mchana mmoja.

Nanyi mliorudi na ujuzi wa kwenye ndege, mwageni yenu hapa chini. Kunitukana ruksa, ila nawatahadharisha, nimeshatukanwa na mwenye haki yake.