Gogo la Mathenge

Nilijifunza kuruka na farasi Lodwar, mahali ambapo hata wenyeji hawafugi farasi. Ukitaka kucheka, cheka tu. Mama yangu mzazi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia, "Basi fanya haraka, mwanangu, kabla macho yangu hayajafunga duka."

Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba kuona kwake kutazidi kupungua, na kilichopotea hakirudi. Ndipo mwaka wa 2013 nikamtoa Kitale nikamleta akae nami Lodwar, nilikohamishiwa kazi ya ukarani. Ujanani alifulia nguo familia ya Mzungu mwenye shamba, na kila Jumapili, huku akianika mashuka, aliwatazama wakiruka viunzi na farasi wao. Nyumbani kwetu alikuwa akisema, "Siku moja nimwone mtu wangu akiruka vile." Alisema kwa mzaha, lakini alisema miaka yote. Nilitaka amwone huyo mtu wake angali anaona.

Farasi mwenyewe alikuwa jike mwekundu. Aliletwa kutoka Kitale na lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyedhani maharusi watapigana kupigwa picha naye. Wapi! Maharusi walitaka magari. Basi akamweka kwa jirani yangu, mama Mturkana aliyeuza maji akiyabebesha punda, na farasi wa watu akaingia kazini kubeba mitungi, nyumba hadi nyumba. Mimi niliruhusiwa kumpanda alfajiri kabla ya kazi ya maji. Mfanyabiashara yule alinipa hata tandiko, na mpaka leo namwombea heri.

Nilianguka, jamani. Mchanga wa Lodwar niliula mpaka nikaujua ladha. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimelaza gogo la mti wa mathenge, kimo cha goti tu, lakini tukilikaribia navuta hatamu kama mtu anayemzuia mwizi mlangoni. Farasi anasimama, mimi naendelea na safari peke yangu.

Kazi iliponipeleka Kakuma, nilimweleza shida yangu mzee mmoja wa Darfur mwenye duka la chai katika kambi ya wakimbizi, mtu aliyekulia mgongoni mwa farasi. Alinikalisha kwenye benchi kama aliyepanda, akanishikisha kamba, akazunguka kunitazama.

"Wewe naangalia kuni," akasema, akimaanisha gogo langu. "Farasi naangalia kuni. Sasa nani naangalia njia?"

Akakataa pesa ya chai. Niliporudi Lodwar nililegeza mikono, nikatazama mbali kule kwenye minara ya simu, na Jumapili moja, Mama akiwa kanisani, yule jike akaruka. Nilipiga kelele mpaka punda wakashtuka.

Sasa nikajiona bingwa. Kesho yake nikamwekea Mama kiti karibu kabisa na gogo, majirani nao wakaja na vigoda vyao. Farasi akaja vizuri, vizuri, halafu akasimama tuli mbele ya Mama. Nikarudia. Akasimama. Wiki nzima ikawa hivyo, na mimi nina hasira za karibu. Nilimtukana farasi, nikalitukana gogo, nikamjibu Mama vibaya aliposema labda ana njaa. Kisha mwenye farasi akaleta habari: Jumatatu lori linamrudisha Kitale, ameshapata mnunuzi.

Jumamosi hiyo, baada ya kusimama tena, mama wa maji alikuja akashika hatamu.

"Hii farasi iko sawa," akasema. "Watu ndio shida. Kwa kazi ya maji, tukipata watu wamekaa, wanasema ejok, na mimi nasema ejok. Tunasimama, tunasalimiana, mzigo inashuka. Sasa nyinyi wote hapa ni ejok, ejok. Yeye anangoja mtungi itoke."

Ni kweli, kila nikikaribia gogo walinisalimu, nami ningewapitaje watu waliokaa bila kuwaitikia? Na aliyesalimu kwa sauti kubwa kuliko wote, akipunga leso yake, alikuwa Mama.

Tukajaribu wakae kimya. Farasi aliziona zile nyuso akapunguza mwendo, na Mama uvumilivu ukamshinda: "Haya, mwanangu, karibu!" Farasi akasimama.

"Wageuke," mama wa maji akaamua. "Mtu amekupa mgongo, hakuna mtu anasalimia."

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Mama. Alipapasa kiti chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta wa choo.

"Mama, si wewe!" nikasema. "Nafanya hivi kwa ajili yako!"

"Mimi ndiye mwenye kelele," akajibu bila kugeuka. "Panda."

Nikapanda. Nikatazama minara. Nikapita migongo yote, na wa Mama katikati, leso ameikunja mapajani, na yule jike akaruka kama hakuna kitu. Nililia nikiwa juu yake. Nikataka turudie, Mama ageuke, lakini farasi alikuwa amelowa jasho na Mama akakataa katakata. Alikuja akamshika shingo, akamshukuru kwa Kiluhya. Jumatatu lori likaja.

Sasa Mama haoni kabisa. Mgeni akiingia kwetu Kitale, hamalizi chai kabla ya kusimuliwa: masikio ya farasi yalivyosimama, vumbi lilivyopanda, blauzi yangu ya kijani ilivyopepea. "Nilimwona kwa macho yangu haya," humwambia. Kisha hunigeukia nithibitishe, na mimi humwambia mgeni ndiyo, Mama alikuwa amekaa mbele kabisa.