Bati Juu ya Kitanda cha Mukami

Mukami aliteleza akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe kwenye mteremko wa shamba lake huko Runyenjes, akavunjika mfupa wa paja. Hospitalini walimtia chuma, wakamwambia asikanyage chini kwa wiki kumi. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, kwa hiyo mwanawe Mugendi hakungoja kuulizwa. Alimteremsha hadi Gachoka, kwenye joto la tambarare, katika nyumba yake mpya ya matofali, akamlaza katika chumba cha nyuma.

Nyumba ilikuwa nzuri. Ilibaki siling tu, dari ya ndani, ambayo Mugendi alisema itakuja baadaye. Ukilala chali uliona mbao, misumari, na bati tupu. Kumwinua Mukami kulitaka watu wawili, na mchana mtu alikuwa mmoja tu: Kanini, mke wa Mugendi. Basi tangu Mugendi afungue duka lake la vifaa vya ujenzi asubuhi hadi arudi jioni, Mukami alikuwa mtu wa kulala akitazama juu.

Ilikuwa Februari. Kufikia saa tano bati lilianza kulia, ta, ta, likijinyoosha kwa jua. Kufikia saa saba Mukami alihisi kana kwamba mtu ameshika pasi ya moto karibu na uso wake. Alifunika uso kwa leso, akatoka jasho, akaiondoa, akaungua. Kugeuka hakuweza. Wiki mbili alinyamaza, maana mgeni halalamiki, na yeye alijiona mgeni. Siku aliposema, Mugendi alileta kipimajoto cha dukani, kile cha namba, akakitundika ukutani.

"Angalia, Mama. Thelathini na moja. Hata dukani ni hivyo hivyo, na tunafanya kazi."

"Hapa kitandani si thelathini na moja."

"Mama, kipimo hakidanganyi. Umezoea baridi ya kwenu. Ni mawazo tu."

Neno hilo, mawazo, lilimchoma kuliko bati. Alhamisi akina mama wa kanisa walipokuja, walimwombea moyo wa subira, akajua mwanawe ameshawaeleza kuwa ni mawazo. Aliitikia amina huku meno yameumana.

Sasa, Mukami hakuwa mtu wa kuambiwa habari za vipimo. Miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya wasichana. Walimu wa fizikia walikuja na kuondoka. Yeye ndiye aliyejua ni kifaa gani husema kweli na chini ya hali gani. Kanini alipopanda Runyenjes kumletea nguo, Mukami alimwagiza pia vipimajoto viwili vya kioo vilivyokuwa kabatini, daftari na penseli.

"Na uniletee boya la tangi la choo," akaongeza. "Lile la mviringo linaloelea. Dukani kwenu yapo."

Kanini alicheka, kisha akaona uso wa mama mkwe, akaacha. Alilileta, akalipaka masizi ya sufuria mpaka likawa jeusi tititi, akatoboa tundu na kuingiza kipimajoto kimoja katikati. Wakalining'iniza kwa uzi karibu na mto.

"Hicho cha ukutani kinapima hewa," Mukami alimweleza. "Lakini bati halingoji hewa. Linatupa joto moja kwa moja mwilini, kama vile moto wa jikoni unavyokuchoma usoni hata mlango ukiwa wazi. Hili boya jeusi linapokea joto la hewa na la bati, kama ngozi yangu."

Saa saba na nusu, Kanini alipanda ngazi na kubandika kipimajoto cha pili chini ya bati kwa kitambaa kinene.

"Hamsini na nane! Mama, ni hamsini na nane!"

"Ukuta?"

Kanini alishuka, akakibandika ukutani, kisha sakafuni.

"Thelathini na mbili. Sakafu pia."

Mukami aliandika amelala, daftari juu ya kifua. Kwa makisio, bati lilishika theluthi moja ya yote yaliyomzunguka, kuta na sakafu theluthi mbili. Hamsini na nane, ongeza thelathini na mbili mara mbili, gawanya kwa tatu: arobaini na moja kasoro kidogo. Hilo ndilo joto lililomtazama kutoka pande zote. Akalichanganya nusu kwa nusu na hewa ya thelathini na moja ya kipimo cha Mugendi, akapata thelathini na sita. Boya lilisoma karibu thelathini na saba. Alirudia hesabu mara tatu. Mara ya tatu machozi yakamtoka, na Kanini akadhani ni paja.

"Si paja," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuamini nimeharibika akili."

Jumapili, baada ya ibada, alimwita Mugendi, akampa daftari. Mugendi alisoma akiwa amesimama. Akalitazama boya, akalitazama bati. Kisha alivua koti, akalala sakafuni kando ya kitanda, chali. Alikaa hapo muda wa kama nusu saa. Alipoinuka shati lilikuwa limegandama mgongoni kwa jasho.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikuambia."

Wiki hiyo Kanini alishona magunia ya mkonge pamoja, Mugendi akayafunga kwa waya chini ya mbao, nafasi ya mkono mmoja kutoka kwenye bati. Mukami alikuwa amekwisha kukadiria kwamba boya litashuka digrii nne. Lilishuka nne na nusu. Mugendi alifurahi mno, akawaita majirani waje waone, akamsifu mamake mbele yao kama mwalimu anavyomsifu mwanafunzi. Wageni walipoondoka aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Sasa shida imekwisha, Mama. Ile nyumba yako ya Runyenjes nimeongea na mtu, ataipanga kuanzia Aprili. Wewe utakaa tu hapa kwetu. Mteremko ule utakuua."

Mukami alifungua kinywa. Siku zote alipotaka kusema anataka kurudi kwake, alikuwa amesema joto. Joto lilikuwa kweli, lakini pia alikuwa amejificha nyuma yake, na sasa amelifukuza kwa penseli yake mwenyewe.

"Hujaniuliza," alisema hatimaye.

"Mama, kuna nini tena? Pima uone. Kuko poa."

Akatoka kwenda kufunga duka. Kanini, aliyekuwa mlangoni na beseni la maji, aliliweka chini taratibu.

"Unataka kurudi," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Nataka."

"Nitaongea naye."

"Umewahi kuongea naye akabadilika?"

Kanini alisogeza beseni kitandani. Aliloweka kitambaa, akaanza kumwosha mikono, kidole kimoja kimoja. Wiki zilizobaki kabla ya kukanyaga chini zilikuwa tano.