Nilipoomba Kimya Kwenye Mpunga wa Muganza

Niliondoka Cyangugu Ijumaa asubuhi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kwa miaka tisa nimekuwa fundi wa sauti katika chumba kimoja pale Kamembe, sehemu ya juu ya mji huo, chumba chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili mwangwi usirudi. Kazi hii nilijifunza kwa kuharibu kwanza na kuuliza baadaye. Kijana anaingia na simu yake, ananichezea wimbo wa mtu mwingine, anasema nimfanyie kama huo. Namfanyia. Sauti yake ikipinda, kompyuta inainyoosha. Anatoka amefurahi, anaingia mwingine. Jioni nikifika nyumbani, kule chini karibu na mpaka, dada yangu anawasha redio na mimi namwomba aizime.

Kisha studio moja ya Kigali ikatafuta fundi. Mwenyewe, Bwana Théo, alinipigia simu akanipa jaribio moja tu: nirekodi kwaya ikiimba bila ala, wote kwa pamoja, mahali palipotulia, nimtumie Jumatatu kabla ya saa sita mchana. "Nataka nijue kama una masikio," alisema. Niliitaka kazi ile mpaka nikajionea aibu. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nikishindwa, naachana na mambo ya sauti, naenda kuuza vitenge na dada yangu, wala simlaumu mtu.

Kwaya za mjini zote zina kinanda na spika kubwa kuliko waimbaji. Nikaikumbuka kwaya moja ya Muganza, kule bonde la Bugarama, niliyoisikia kwenye mazishi ya ndugu yetu, watu ishirini hivi, wakulima wa mpunga na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, wakiimba kwa koo zao tu. Kiongozi wao, Papa Anselme, anapakia mifuko ya saruji kwa zamu. Nilimpigia, akakubali kabla sijamaliza kueleza.

Ijumaa hiyo saa tatu asubuhi, Kamembe, nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa likienda kupakia saruji. Dereva aliitwa Hassani, mtu wa Bugarama, mcheshi, na mimi sikuwa na nguvu za kucheka. Niliweka maikrofoni zangu mapajani nikazikumbatia, maana nyuma zingefika zimekuwa unga.

"Na hii bintu yote, mama, unaenda kufanya nini kule?" aliniuliza.

"Kurekodi kwaya. Natafuta mahali penye utulivu."

Akapiga usukani kwa kiganja, akacheka. "Utulivu, ku Bugarama? Sasa hivi, wakati mupunga inabeba?"

Sikumuuliza alimaanisha nini. Nilikuwa nasinzia. Barabara ilishuka kona baada ya kona, migomba ikazidi, na kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, hata nikavua sweta niliyoivaa kwa baridi ya Kamembe, kando ya ziwa. Ningekuwa na akili zangu zote siku ile, ningemuuliza.

Saa saba mchana nilishuka Muganza. Karibu na kiwanda majani yote yana vumbi jeupe, lakini kanisa lenyewe liko mbali, katikati ya mpunga, na mlio wa mitambo haufiki. Nilijipongeza. Mwenyeji wangu alikuwa Maman Josefa, mjane aliyepita miaka sitini, ndiye anayeanzisha nyimbo zote za kwaya ile. Nyumba yake iko hatua chache nyuma ya kanisa, na kipande chake cha mpunga kinaanzia pale ukuta wa kanisa unapoishia mpaka kwenye mfereji. Alinipokonya begi, akanipa maji ya kunawa, akaniwekea wali na sombe ya majani ya muhogo.

"Kula, mama. Umekonda sawa muntu wa Kigali," alinitania.

Ndipo nilipoanza kusikia. Debe likapigwa upande wa kushoto. Mwanamke akapiga ukelele mrefu, mwingine akamjibu kutoka ng'ambo ya mfereji, kisha makopo yaliyofungwa kwenye kamba yakatikiswa shamba zima. Nikafikiri kuna harusi.

"Ni bandege," Maman Josefa alinieleza. "Mupunga ikiwa na maziwa, banakuya bengi. Tunabafukuza kutoka asubuyi mupaka jua inaanguka. Ukipumuzika, banakula."

Kazi hiyo ya kuamia ndege, punje zikiwa bado laini na zimejaa maji meupe, huchukua wiki kadhaa, na wanawake hupokezana. Nilimsikiliza kwa heshima, huku kichwani nikihesabu matundu ya hewa ya kanisa lile. Yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lenye kioo.

Jumamosi, saa tisa alasiri, kwaya ilikamilika. Ndiyo saa pekee katika wiki ambayo zamu ya asubuhi imetoka kiwandani na zamu ya usiku haijaingia. Wanaume walikuja na saruji kwenye kope. Papa Anselme, mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa ajabu, aliwapanga, nami nikasogeza maikrofoni huku na huku, nikimrudisha mmoja nyuma hatua moja, mwingine nusu hatua. Wakaniita Enjenyeri. Tukaanza.

Wimbo wao unaanza na kimya. Papa Anselme anainua mkono, watu wanashusha pumzi, kisha Maman Josefa anaingia peke yake, na sauti yake ina mkwaruzo mdogo ambao kompyuta yangu ingeuona kosa. Mimi niliposikia nilisisimka mwili mzima, jambo ambalo halikuwa limenipata kwa miaka. Alipofika neno la tatu, debe likapigwa nje ya dirisha.

Tukarudia. Ukelele. Tukarudia tena. Makopo. Mara ya nne nilivua kaske, vile visikizio vya masikioni, nikakaa kwenye benchi, nikaona Jumatatu inakuja na sina kitu. Nikasema maneno ambayo hadi leo nayakumbuka yalivyotoka: "Jamani, haiwezekani hizo kelele zikanyamaza? Nusu saa tu."

Papa Anselme alimtazama Maman Josefa, naye akatazama chini kidogo, akajifunga upya kitenge chake.

"Inawezekana," alisema. Akatoka nje. Nikamsikia akiwaita wenzake jina kwa jina, mbali na mbali zaidi, na pande zote za kanisa zikanyamaza.

Hiyo nusu saa niliila yote, nikala na nyingine mbili. Mtu mmoja akikohoa, nasema mara moja tena. Besi wakichelewa, mara moja tena. Nilikuwa nimepata kimya, nami nilikitumia kama mtu aliyealikwa karamuni na njaa ya siku tatu. Hakuna aliyelalamika. Saa kumi na moja nikasema basi, asanteni, nimepata. Wakanipigia makofi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima vya Kongo, nilikaa uani kwa Maman Josefa kusikiliza nilichorekodi. Kilikuwa kizuri. Nasema bila kujisifu, ni kazi bora niliyowahi kufanya. Ila pale mwanzoni, kwenye kile kimya kabla ya sauti yake, palikuwa na mchakarisho mwembamba, kama mafuta yanayoanza kushika moto kikaangoni. Nilidhani waya umelegea. Nikabadilisha waya, mchakarisho ukabaki. Nikaongeza sauti, bado sikuutambua. Nikamvisha Maman Josefa kaske, nikamuuliza kama pale kanisani kuna umeme unaopita chini.

Alifumba macho, akasikiliza. Hakusikiliza hata nusu dakika.

"Ni bandege," alisema. "Banakula."

"Wanakula nini?"

"Mupunga."

"Wa nani, Maman?"

Alivua kaske taratibu, akanirudishia mikononi. "Ya kwangu. Njo iko pembeni ya kanisa."

Tulikwenda kuangalia. Mpunga wenye punje huinamisha kichwa, na ule wa majirani wa mbali ulikuwa umeinama vizuri. Wake ulisimama wima, eneo kubwa kuliko kanisa lenyewe. Majani yalikuwa na matone meupe ya maziwa, pale ndege walipominya punje na kuacha maganda. Nilishika suke moja, likawa jepesi kama nywele. Nikaanza kulia, nikiwa mtu mzima, katikati ya shamba la watu.

"Maman, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mugeni ameomba kitu, na kitu iko." Alinitwaa lile suke mkononi. "Na nilikuona, mama. Bile ulikaa ku ile benchi. Niliona muntu mwenye kuchoka. Nikasema, huyu akirudia mikono mutupu, hatainuka tena."

Papa Anselme, aliyetufuata kutoka kanisani, alitikisa kichwa. "Sisi bote tulijua, Enjenyeri. Tulifikiri na weye unajua."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walidhani nimepima, nikaona wimbo wangu unauzidi mpunga wake.

Jumapili sikusafiri kama nilivyopanga. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa shambani na debe, kuamia ule mpunga uliobaki, ili Maman Josefa aende misa na kupumzika. Hakupumzika. Alirudi baada ya misa, akakaa kwenye tuta, akanicheka.

"Unaangalia juu," alisema. "Hapana kuangalia. Ukibaona, bamekwisha kufika. Sikia."

Nikafumba macho kama alivyofanya yeye jana yake. Mwanzoni nilisikia upepo tu. Kisha, mbali sana upande wa mto, nikasikia kitu kama kitambaa kinachokung'utwa.

"Kule," nilisema.

"Njo hivyo. Sasa piga."

Nilipiga. Wingu la ndege likakata kona, likaenda kwa wengine, na huko nako wakapiga. Tulifanya hivyo mpaka jua likazama. Yeye aliwasikia kila mara kabla yangu, na aliweza kuniambia kama ni kundi kubwa au dogo. Miaka tisa nimelipwa kwa ajili ya masikio yangu, na kumbe nilikuwa nikikaa jirani na mwalimu bila kumjua. Jioni sikuwa na sauti, mabega yaliwaka moto, na nilichookoa kilikuwa kidogo mno kuliko nilichopoteza. Simdanganyi mtu: haikulipa. Niliifanya kwa sababu sikuweza kukaa.

Jumatatu alfajiri niliaga. Maman Josefa alinifungia mchele kwenye mfuko, wa mavuno yaliyopita, nikakataa, akakasirika kweli kweli, nikauchukua. Njia nzima ya kupanda Kamembe sikusinzia. Saa tano na nusu nilimtumia Bwana Théo wimbo jinsi ulivyo, na mchakarisho wake, kisha nikaenda nyumbani nikalala hadi kesho yake. Dada yangu alidhani naumwa.

Alhamisi Bwana Théo akapiga simu. Alisema amesikia kwaya nyingi, lakini hii imemkalisha kitako, hasa kile kimya kabla ya yule mama kuingia. Akauliza nimekipata wapi kimya kama kile kule bondeni. Nikamwambia niliomba, nikapewa.

"Kuna vindege kidogo nyuma," alisema. "Vitoe, unitumie tena leo, kisha njoo uanze mwezi ujao."

Nilikaa mbele ya kompyuta. Kuwatoa ni kazi ya robo saa. Niliwaona kwenye skrini, ukungu mwembamba juu ya mchoro wa sauti za akina mama. Mkono haukwenda. Nilichojifunza Muganza ni hiki, na nilikuwa nimechelewa sana kukijua: kimya hakipatikani bure mahali popote. Kuna mtu ameacha kufanya kitu ili mimi nisikie. Kabla ya kukiomba yanipasa nimjue ni nani, na ameweka chini kazi gani.

Nikampigia Maman Josefa. Nyuma yake debe lililia. Nilimwambia kazi nimepata, na sharti la Bwana Théo, na kwamba naona vibaya kuwafuta wale ndege kana kwamba hawakuwepo, kana kwamba yeye hakutoa kitu.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Ubatoe, mama," alisema. "Weye uko na bahati, unaweza kubatoa. Mimi huku bado banakuya." Kisha akaniacha hewani, nikamsikia akipiga ukelele wake mrefu, ule mkwaruzo ukipanda juu ya shamba zima, na simu ikakatika.

Nikawatoa. Nilifanya kazi ile nikilia, na niliifanya vizuri.