Nafasi Iliyokaliwa na Kasha la Bia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na hata sasa nilivyojaa mvi, nikiikumbuka uso unanipata moto.

Nilikuwa kijana hapa Likasi, nina mchumba. Kaka zake wawili walikuwa makarani, watu wa viatu vinavyong'aa, na mimi nilitaka wanione mtu. Nikapanga safari: tupande mlimani, kwenye nyumba ya darubini, tukatazame nyota, maana hapa mjini taa za kiwanda cha Shituru zinazimeza. Nikaandika barua ya kuomba ruhusa, nikaipata. Nikaazima gari, nikapima mafuta, nikachagua siku isiyo na mwezi, mwishoni mwa kiangazi. Hata makoti ya baridi ya kule juu niliyafikiria. Kupanga nilijua sana!

Mchana ule Baba alinikuta nikipangusa vioo. Alikuwa amevaa koti lake la misa.

"Mutoto, munatoka saa ngapi? Miye niko tayari."

Baba alikuwa amestaafu kiwandani, lakini ile sauti ya kushindana na mashine alirudi nayo nyumbani. Angewauliza wale makarani kabila lao, tena kwa kupayuka. Nilimwonea haya, mwanangu. Sina neno la kulipamba jambo hilo.

"Papa, motoka imejaa," nikasema.

Alitazama kiti cha nyuma. Kando ya nafasi za wale kaka wawili nilikuwa nimeweka kasha la bia.

"Basi, siku ingine," akasema, akaingia ndani kuvua koti.

Tulifika jua likizama. Mlinzi wa nyumba ile, mzee mfupi, aliuliza jina langu, akaanza kuchungulia garini.

"Baba yako iko wapi?"

"Amebaki."

"Amebaki namna gani? Barua yako tuliikatala. Ni yeye alikuya kutuomba, na kinga yake, mara mbili. Docteur alimuambia macho yake inaisha. Alitaka aone nyota mbele macho ikufe. Alisema, mutoto wangu atanileta."

Mara mbili kwa kinga, yaani baiskeli, kupanda mlima ule! Na njia nzima nilikuwa nikijisifu kwa barua yangu. Mchumba wangu aliliangalia kasha la bia, kisha akaniangalia mimi. Zamu yangu kwenye darubini ilipofika, machozi yalinizuia kuona.

Kesho yake, baada ya misa, nilimwomba Baba msamaha. Alinisamehe upesi mno, ikaniuma zaidi. Lakini mvua zikaanza, mawingu yakafunga anga hadi kiangazi kingine. Ndipo nilipompeleka, sisi wawili tu. Aliinama kwenye darubini muda mrefu.

"Niko naona mwangaza kiloko, kidogo tu," akasema kwa sauti yake ile ile kubwa, akitafuta bega langu kwa mkono. "Lakini ni muzuri, mutoto. Aksanti."

Kwa hiyo, mwanangu, ukipanga safari ya furaha, anza na nafasi ya yule unayemwonea haya. Haya yako kamwambie Mungu, naye atakuelewa. Mzazi wako usimwambie gari limejaa. Na usitegemee siku nyingine, kwa sababu hujui macho ya mwenzako yamebakiza siku ngapi.

Mungu akupe gari lako mwenyewe, mwanangu, na awaachie wazazi wako macho mpaka uwafikie nalo.