Sere Iliyogeuka Sera

Nasieku, mke wa Loserian wa Moshono, alikuwa muuza maziwa siku sita za juma, na siku ya saba mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani. Mimi niliimba sauti ya pili nyuma yake kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo kisogo chake nakijua kuliko mumewe anavyokijua. Alikuwa mpole kupita kiasi, tabia iliyomfaa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Mwaka tisini na nne mama yake alifariki asubuhi, Nasieku akiwa Themi anapima maziwa kwenye nyumba za wakubwa. Aliporudi, marehemu alikwisha kufumbwa macho. Hakuwahi kumuaga. Jambo hilo lilimkaa rohoni mpaka akatunga wimbo kwa Kimaa, lugha yetu, wenye maneno machache: Sere, yeyo. Kwaheri, mama. Kiitikio kilikuwa "sere" tupu, mara nane, na kila tulipofanya mazoezi kuna mtu alitoka nje kupenga kamasi.

Tukaupeleka kwenye mashindano ya kwaya. Waamuzi wakasema sauti nzuri, mavazi nadhifu, ila lugha haieleweki kwa wote. Tukawa wa sita kati ya kwaya sita. Ushindi ulikwenda kwa waliotafsiri wimbo wa Kijerumani, ambao hata wao wenyewe hawakuuelewa.

Lakini Ludovick, mwenye duka la kaseti mjini, alikuwa amerekodi mashindano yote. Biashara huria ilikuwa imeingia, naye aliielewa kwa maana kwamba kila kinachosikika ni huria. Ludovick ni Mchaga. Kimaa hakukijua hata cha kununulia mbuzi. Akasikiliza "sere, sere", akaamua kwamba hawa wafugaji wanajaribu kusema "sera" na ulimi umewashinda. Akatuonea huruma, akawaimbisha vijana wa mjini upya, akatusahihishia.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi. "Sera, sera, sera safi" ikatiwa gitaa na kinanda, mwendo ukakimbizwa, ikatoka kwenye spika za magari ya kampeni kuanzia Kikatiti mpaka nisikokujua. Kilianza chama kimoja. Mwezi haujaisha, vyama vitatu vikawa vinaucheza, kwa kuwa hata sera zenyewe hazikutofautiana sana. Wanaume wazima wenye vitambi walikata viuno juu ya msiba wa mama yake Nasieku.

Nikamburuta Nasieku mpaka dukani. Ludovick akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akampa kaseti moja ya bure, na kiti. Nasieku hakudai chochote ila neno moja: sera irudi kuwa sere, watu wajue ni kwaheri.

"Mama yangu," Ludovick akasema, "mgombea gani anaanza kampeni kwa kuaga?"

Nasieku akashukuru kwa kiti. Mimi nilitamani kumvunjia Ludovick kinanda chake, na nilimwambia hivyo.

Uchaguzi ukapita, spika zikanyamaza, tukadhani wimbo umerudi kwa mwenyewe. Mwaka tisini na sita akafa Namnyaki, mama yake mdogo, aliyemlea kama wa kumzaa. Kaburini Nasieku akasimama, akafumba macho, akaanza polepole kama alivyoutunga: Sere, yeyo.

Hakufika kiitikio. Vijana wa nyuma wakaanza kupiga makofi kwa mwendo ule wa spika. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo. Mchungaji, mgeni kwetu, akamsogelea Nasieku na kumnong'oneza, kwa upole mwingi:

"Mama, siasa tuliimaliza mwaka jana. Hapa tunazika."

Nasieku akafumbua macho, akatutazama sisi wanakwaya mmoja mmoja, akingoja tumwambie mchungaji. Mimi, mwenye mdomo wa kuvunjia watu vinanda, niliangalia viatu vyangu. Akarudi kwenye mstari wake, na Namnyaki akashushwa bila kuagwa.