Jani la Kijani Kwenye Sahani ya Baba

Baba yangu anauza chakula cha mifugo. Duka letu liko kando ya barabara ya Eldoret kwenda Cheptiret, na harufu yake ya pumba na molasi haitoki hata kwenye nguo za kanisani. Kazi yangu ni kupima, kufunga na kupanga magunia. Kuongea na wateja ni kazi ya Baba. Mimi tangu nikiwa mdogo naogopa kusema mbele ya watu, na nilipomaliza darasa la nane niliona afadhali nibaki dukani, kati ya vitu ambavyo haviniulizi chochote.

Baba ana tabia moja ambayo wakulima wa huku wote wanaijua. Hauzi gunia kabla ya kusoma kile kikaratasi kilichoshonwa mdomoni mwake. Anavaa miwani, anakigeuza kwenye mwanga wa mlango, anasoma kwa sauti: protini, mafuta, chumvi, tarehe. Gunia likija bila kikaratasi linarudi na lori lililolileta. Wenye haraka humwambia, Mzee, si ni pumba tu. Yeye huwajibu kwamba ng'ombe hawezi kuuliza amepewa nini, kwa hiyo lazima mtu amuulizie.

Mwaka jana kliniki walimwambia ana presha, tena ya juu. Walimpa dawa, wakamwambia apunguze chumvi na aachane na vitu vya kukaanga. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa na presha hiyohiyo, akaanguka akikamua, upande mzima wa kulia ukafa, na sasa analishwa uji kwa kijiko. Baba ndiye humlisha Jumapili baada ya ibada. Akirudi kutoka huko haongei mpaka jioni.

Mama alitenga sufuria ndogo ya Baba. Githeri yetu, mahindi na maharagwe, ilikuwa na chumvi, yake haikuwa nayo. Alikula bila kulalamika. Kilichomuumiza ni Jumamosi. Miaka yote Jumamosi mchana akishafunga duka alikuwa anaenda mjini na rafiki zake wawili, fundi wa viatu aliyekuja hapa kutoka upande wa ziwa na dereva wa trekta. Walikaa kwenye mkahawa mmoja wa kuku na chipsi, wa ile kampuni iliyo na matawi Nairobi, Nakuru na Kisumu, wafanyakazi wote wakiwa na kofia za rangi moja. Hapo ndipo Baba alikuwa anacheka. Baada ya kliniki alienda mara chache, akanywa chai ya rangi akiwatazama wenzake wakila. Kisha akaanza kusema mgongo unamuuma, akawa anabaki nyumbani.

Ndipo bango likapandishwa juu ya mlango wa ule mkahawa. Lilikuwa na sahani ya kuku wa kuchoma, viazi vya kuchemsha, kachumbari, na jani la kijani lililochorwa pembeni. Nyuma ya hiyo sahani kulikuwa na mkimbiaji akipanda mlima jua likichomoza. Liliandikwa kwamba hiki ni chakula cha afya.

Jumamosi moja Baba alinipeleka mjini na mimi, akasimama chini ya bango kama mtu aliyesoma jina lake gazetini. "Umeona? Hata wao wamemsikia daktari."

Mimi nilimwangalia yule mkimbiaji. Sisi wa Eldoret wakimbiaji tunakutana nao kila asubuhi wakishuka barabarani na jasho lao. Tunajua wanakula ugali, mboga na maziwa. Sijawahi kumwona hata mmoja akitoka kwenye ule mlango na mfuko wa kuku. Halafu harufu iliyotoka ndani ilikuwa ileile ya siku zote. Lakini Baba alikuwa ameshaingia.

Nilimfuata mpaka walipokaa rafiki zake. Fundi wa viatu alimwona akiletewa sahani yenye jani, akasogeza kiti.

"Mzee, leo umeanza kula nyasi? Tukufungie kamba?"

"Nyamaza wewe. Utakufa uniache."

"Nikifa nitakuwa nimeshiba."

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo nilinyamaza na mashaka yangu. Nilionja kipande cha kuku wake. Kweli hakikukaangwa. Ngozi ilikuwa imetolewa, na mafuta hayakushika vidole. Kilikuwa kitamu sana. Utamu wenyewe ndio ulionitisha. Nyumbani nilikuwa nimeshaonja chakula cha ile sufuria ndogo, nikajua chakula kisicho na chumvi kinakaa vipi mdomoni. Hiki hakikukaa hivyo. Tulipofika nyumbani Baba alikunywa maji, akanywa tena, akasema ni jua.

Nilimwambia Mama. Mama hakubishana na mtu. Jumamosi iliyofuata alimwomba Baba asile huko, amletee ile sahani ya afya nyumbani ale vizuri mezani. Ilipoletwa, Mama aliwachukua wale kuku akawatumbukiza kwenye sufuria ya maji, akawachemsha, jinsi jirani yetu anavyofanya na samaki wakavu ili chumvi itoke. Akawatoa, akampa Baba. Baba alisema sasa wamekuwa kama sifongo, lakini alikula. Mama alifurahi sana na ujanja wake.

Shida ni kwamba Mama hajawahi kumwaga supu tangu azaliwe. Ile supu ya kuku aliiweka kando, na jioni aliitumia kupondea viazi na mahindi ya Baba. Kwenye sufuria yake ndogo. Nilipochovya kijiko nilikunja uso. Chumvi yote tuliyomtoa kuku ilikuwa inamngoja Baba kwenye irio.

"Mama, hii ndiyo ile supu?"

"Ndiyo. Ungetaka niwape kuku wa nje?"

Kisha akasimama na mwiko mkononi. Alielewa mwenyewe kabla sijasema kitu. Aliionja, akatema, akaimwaga nje ya mlango wa jikoni, na nadhani ile supu ilimuuma kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Lakini sasa tulikuwa na uhakika. Kuku mwenye jani la kijani alikuwa amejaa chumvi. Kumwambia Baba ndiko hakuna aliyethubutu.

Wiki hiyo kliniki walimpima Baba wakakuta presha imepanda kuliko mwanzo. Alikasirika. Alisema amefuata kila kitu, amekula cha afya, basi hizo dawa ndizo mbovu. Alisema hata ataziacha. Hapo nikaogopa kweli. Niliwaza kijiko cha uji, na nani angemshikia.

Siku ya Jumanne nilienda mjini kununua kamba za kufungia magunia. Niliponunua nikajikuta mbele ya ule mkahawa. Nilipita. Nikarudi. Ndani hakukuwa na watu wengi. Msichana wa keshia aliniuliza nataka nini, nikasema nataka kujua kama ile sahani ya afya ina chumvi. Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Hiyo ni ya afya," akasema. "Si unaona jani?"

Nikauliza jani maana yake ni nini. Hakujua. Hakuwa mbaya, hakunicheka, aligeuka tu akamwita meneja. Meneja alikuwa kijana mwenye tai, mpole, akanikaribisha nikae. Sikukaa. Alinieleza kwamba kuku hawa hawapiti kwenye mafuta ya chipsi, wana jiko lao la kuchomea. Viazi vinachemshwa hapohapo. Alisema hata mama yake anakula hiyo sahani akija kumtembelea. Nilimwamini. Alikuwa anasema kile anachokijua.

"Na chumvi?" nikauliza.

"Chumvi hapa jikoni hatuweki. Kabisa."

"Na kabla ya kufika jikoni?"

Akatazama kuelekea nyuma. "Kabla ya hapo sijui. Kuku wanakuja kutoka Nairobi kwa mifuko, wakiwa wameshalowekwa kwa viungo. Sisi tunafungua tunaweka kwa moto."

Nilimuuliza kama mifuko imeandikwa kilicho ndani. Alisema imeandikwa tarehe na jina la tawi. Nikauliza kama mtu anaweza kupata kuku ambaye hajalowekwa. Akatabasamu kama mtu anayeombwa kitu kisicho chake.

"Haiwezekani, dada. Wateja wanataka wakila Eldoret iwe ni ileile ya Nairobi. Nikibadilisha hapa, kazi sina."

Nilimshukuru nikatoka. Njiani nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Hakunidanganya. Bango lenyewe pia sijui kama lilidanganya. Lilizungumza juu ya mafuta, na juu ya chumvi likanyamaza, na mtu kama Baba akajaza pale palipoachwa wazi kwa matumaini yake mwenyewe. Mpaka leo sijui waliochora lile jani walifikiria nini. Labda walitaka kweli watu wale vizuri. Labda walitaka tu wale waliokuwa wameacha kuja warudi, na Baba alikuwa mmoja wao. Kampuni ambayo lazima kuku wake wawe na ladha moja kila mji, kuku wale ambao watu wanawapendea chumvi, itawapunguzia chumvi lini, na kwa ajili ya nani?

Nilimkuta Baba dukani peke yake. Nilimweleza yote. Alikunja uso.

"Umeenda kuniaibisha kwa watu wanaonijua."

"Sikutaja jina lako."

"Sasa unataka nikae hapa kama mgonjwa? Nile na paka?"

Nilianza kupanga magunia. Lilikuwa limekuja lori asubuhi, na nilipofika kwenye gunia la mwisho mikono yangu ilisimama, maneno yakatoka bila kuyapanga.

"Baba, gunia hili lingekuja bila kikaratasi ungelipokea?"

Nikaongeza, "Limechorwa ng'ombe mnene tu kwa nje. Hakuna maandishi. Ungelipokea?"

Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaenda mlangoni akawa anaangalia magari. Hakukubali kwamba nasema kweli. Lakini jioni alimeza dawa zake mbele ya Mama, akafungua kinywa aonyeshe kwamba zimeingia, kama mtoto anayetania.

Jumamosi iliyofuata hakwenda mjini. Nilikuwa nimejiandaa kumwona amekaa na mgongo wake wa uongo. Badala yake alimtuma mtu awaambie rafiki zake waje dukani. Mama alipika githeri yenye maharagwe mengi, nyanya, vitunguu na dania, bila chumvi hata punje, sufuria moja kubwa ya watu wote. Tulipanga magunia wakakaa juu yake.

Dereva wa trekta alionja akaweka kijiko chini taratibu. Fundi wa viatu alitafuna, akatafuna, akamgeukia Baba.

"Mzee, hii chakula imekosea nini ndio imeadhibiwa hivi?"

"Kula. Ina afya."

"Jani iko wapi?"

Walicheka wote, na Baba akacheka zaidi yao. Mama akainuka awaletee wageni chumvi, lakini fundi akamwambia, "Mama, kaa. Mimi nilijua nakuja kwa nani." Akatoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa kama cha tumbaku. Akakifungua, akajinyunyizia, akampa Baba ampitishie dereva.

Baba alikipokea. Alikishika kwa muda mfupi, chumvi nyeupe ikiwa wazi kwenye kiganja chake, wakati dereva akipangusa mkono apokee. Kisha akakipitisha. Mimi niliendelea kuangalia punje zilizobaki kwenye vidole vyake, mpaka alipovifuta kwenye gunia na kuchukua kijiko.