Tyubu ya Akiba

Juzi mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita kwetu Timau, akaitundika baiskeli yetu nyeusi kwenye mizani yake. Kwenye karia, pale nyuma pa kufungia mzigo, bado palikuwa na ukanda wa tyubu, na fundo lake lilikuwa langu. Nikamwomba niukate.

"Chukua tu, kijana. Hiyo si chuma."

Rafiki yangu, fundo hilo nililifunga mwaka niliomaliza darasa la nane. Nyanya, aliyemzaa mama, alikuwa mgonjwa huko Kiritiri na alituma neno kwamba anataka kuniona. Ningekwenda peke yangu kwa baiskeli, siku tatu, nikilala kwa jamaa zetu njiani. Sikuwa nimewahi kupita Meru mjini.

Jirani yetu, aliyebeba maziwa kwa baiskeli miaka mingi, ndiye aliyenitayarisha. Uani kwake kulinuka grisi na maziwa yaliyochacha, na ukutani palikuwa na msumari uliojaa kanda za tyubu kuukuu. Tulikaza spoki, tukatia mnyororo mafuta, tukabadilisha raba za breki. Akanifundisha kupanga mzigo: vizito chini, blanketi juu, kisigino kisiguse gunia.

"Ukiipakia vibaya itakuangusha, tena mbele ya wasichana," akasema. Nikainama kwa haya.

Mwisho akanipa tyubu moja nzima. "Hii ni ya akiba. Huko Mbeere kwa nyanya yako kuna miiba."

Asubuhi ya kuondoka baridi iliuma masikio. Nilikuwa nimeshafunga minji, yaani njegere, na nguo, mama akatoka akiburuta gunia la viazi.

"Mama, mzigo umetosha."

"Minji ni ya kuonja. Utaingia kwa mama yangu na minji tu? Watasema huku tunalala njaa."

Kwetu huendi kwa nyanya na mzigo mdogo. Nikavipakia viazi, lakini kamba haikutosha. Kanda zilikuwa kwa jirani, hatua hamsini tu. Alikuwa amenisaidia siku mbili nzima, nami niliona aibu kumbishia hodi tena. Nikachukua kisu, nikaikata tyubu ya akiba vipande vinne. Mzigo ukatulia kama umejengwa, nikajisifu moyoni.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu, nikiwa nimeshapita Embu na joto limepanda, mwiba wa mgunga ukachana tyubu ya nyuma. Nilibandika viraka vikabanduka, nikabandika tena mpaka gundi ikaisha. Basi nikaisukuma baiskeli. Gunia lilinivuta nyuma, lakini ningeviachaje viazi vya mama barabarani? Nililala kwa watu wasionijua, nikafika kesho yake jua likiwa juu.

Nilikuta viti vimepangwa uani. Nyanya alikuwa amefariki alfajiri. Mama mdogo aliniambia kwamba jioni yote ya jana, kila kengele ya baiskeli ilipolia njiani, nyanya aliuliza, "Ni yeye?"

Kisha akina mama wakafungua gunia, wakamenya viazi vyote kwa ajili ya waombolezaji. Nami nilipewa sahani. Nilikula.

Jirani alihama zamani, na uani kwake sasa kuna nyumba za plastiki za kukuzia maua. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine kuhusu ile tyubu. Mama mpaka leo huwasimulia wageni kwamba mwanawe alivifikisha viazi Kiritiri, na hakikuanguka hata kimoja.